Makabila ya Tani

Hadi leo mtu akiniambia "tani" halafu akanyamaza, damu inanipanda. Tani ya nini? Ya mawe yenye maji au ya mawe makavu? Au ya shaba yenyewe iliyofichwa ndani ya mawe? Watoto wa ndugu zangu wanakonyezana, wanasema mzee ameanza tena. Waache. Wao hawakukaa kwenye biro, yaani ofisi, ya hesabu ya kiwanda cha Panda, hapa Likasi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinabomoka na sisi wawili tulikuwa tunatengeneza lugha.

Nikisema lugha msidhani ni ya kuongea. Ilikuwa lugha ya kuandikia mashine. Kiwanda kilisaga mawe, kikayachanganya na maji na dawa, povu likapanda juu limebeba shaba, na takataka ikabaki chini. Kabla ya kujaribu dawa mpya au mawe ya shimo lingine, wakubwa walitaka kujua shaba itatoka kiasi gani. Basi tulikiandika kiwanda chote kwa hesabu, kuanzia mawe yanapoingia hadi unga wa shaba unapotoka. Hiyo tuliita modeli. Tuliiingiza kwenye kompyuta ya biro, ile yenye kioo cha kijani, nayo ilituambia kitakachotokea, siku ambazo umeme ulikuwepo.

Wawili wenyewe ni mimi na kaka wa mke wangu. Nilimwita shemeki, ndivyo tunavyosema kwetu. Yeye alinitangulia kazini. Jumapili moja nilikwenda kwake kula bukari, ugali wetu, nikamkuta dada yake uani anachambua mboga za lenga-lenga, na mambo yangu yakaishia pale pale. Baba yao aliletwa na kampuni kutoka jimbo la mbali la Kasai akiwa kijana, aje kuchimba, akafia hapa. Wao walizaliwa kambini Panda, na Kasai waliijua kwa nyimbo za mama yao tu. Mimi ni Mulamba, wa watu wa hapa hapa, "mtoto wa nchi", kama watu walivyoanza kusema baadaye. Tulipooana hakuna aliyesema hivyo. Tulipata mtoto mmoja, msichana, mwenye kelele kuliko king'ora cha kiwanda.

Lugha ilianza na aibu. Modeli ya zamani ilitabiri shaba nyingi ajabu, wakubwa wakafurahi, wakaahidi huko juu, na mwisho wa mwezi ghala likawa nusu tupu. Tulirudi kwenye hesabu tukakuta mtu amejumlisha tani za mawe mabichi na tani za mawe makavu, na maji yakahesabiwa kama mali. Mashine haikusema kitu. Kwa mashine kumi ni kumi, haiulizi kumi ya nini. Mimi nilifoka, nikataka kujua ni mpumbavu gani aliandika mstari ule. Shemeki wangu alikuwa anafuta miwani yake kwa shati, taratibu.

"Shemeki, kosa haiko ku bantu," alisema. "Kosa iko ku luga. Ile luga inaitika kila kintu. Unaiambia ujinga, inasema oui, patron."

Alitaka lugha inayojua kukataa. Kila namba ingesema kwanza ni ya namna gani, ndipo ipewe mlango. Za namna moja zijumlishwe. Za namna mbili tofauti, mashine isimame na kusema hapana, kabla ya kuanza hesabu hata moja. Ukitaka tani mbichi iwe kavu, ni lazima uitoe maji hadharani, kila mtu aone umeyatoa wapi na kwa kipimo gani. Na ukigawa shaba kwa mawe, kinachozaliwa si shaba tena wala si mawe, ni namna mpya, na yenyewe ipewe jina lake. Leo watu wa kompyuta wana majina makubwa ya jambo hili. Sisi tulikuwa na vitabu viwili vilivyochanika na ukaidi wa kutosha.

Jina la hizo namna lilitusumbua. Kifaransa kinasema *type*, na tulianza nalo. Lakini mjini kwetu *type* ni mwanaume fulani, jamaa. Wafanyakazi wa zamu wakaja biro, mashine ikawauliza *type* gani, nao wakatazamana. Mmoja, mzee mwenye adabu zake, aliandika jina la msimamizi wake. Tulicheka hadi tukatoka nje. Ndipo shemeki akasema tuache Kifaransa. Kule kwenye kusaga watu walisema tangu zamani "kabila ya mawe": kabila ya yale ya kijani, kabila ya yale meusi. Kwetu kabila ni la watu, na ni la vitu pia, la maharagwe, la vitambaa, la homa. Basi kila namba ikawa na kabila lake. Ukichanganya tani mbichi na kavu, kioo cha kijani kilikuandikia: MAKABILA HAIPATANE. Watu wa zamu waliipenda sana. Wakigombana kwenye mlo walitaniana, "Eeh, makabila haipatane, nipatie ile samaki."

Kilichotushinda ni kurudi. Kiwandani kuna povu ambalo si shaba safi wala si takataka, na hilo hurudishwa mwanzoni, linachanganyika na mawe mapya na kupita tena. Mashine ilipofika hapo iliuliza: hiki kinachorudi ni kabila gani? Jibu: inategemea kilichoingia mwanzoni. Na kilichoingia mwanzoni ni kabila gani? Inategemea kinachorudi. Huyu akamtuma kwa yule, yule akamrudisha kwa huyu, na mashine ikazunguka hadi tukachomoa waya ukutani.

Mimi nilitaka mashine ikisie. Ichukue kabila lolote linalofanana, iendelee na kazi. Shemeki alikataa katakata, tukanuniana, tukawa tunapitishiana karatasi mezani bila neno. Mke wangu alichoka na nyuso zetu. "Nyiye babili munagombana juu ya maji ya kurudia," alisema, "na mubomba ya hapa nyumbani haina hata maji ya kwenda."

Mwishowe shemeki ndiye alipata njia. "Mahali pa kurudia, mutu lazima aandike na mukono yake. Aseme, hii ni kabila fulani. Akisha kusema, mashine inazunguka mara moja tu, inaangalia kama bote banaitika."

"Na kama amedanganya?"

"Itakatala. Mais hapana kila mutu ataandika. Ataandika mwenye ile mahali, ule anakamata pompe. Yeye njo mwenye kintu."

Nilijua amenishinda, na nilifurahi kushindwa. Ilibaki kuandika sehemu hiyo tu, kazi ikamilike.

Wakati huo huo mji ulikuwa umeanza kuwa mwingine. Redioni wakubwa wa jimbo walisema watu wa Kasai wamejaza viti vyote vya kazi, warudi kwao. Vijana walifunga vitambaa kichwani, wakaimba barabarani kwamba wale ni bilulu, wadudu, na wadudu hufagiliwa. Niliwajua baadhi yao. Niliwahi kuwafundisha hesabu watoto wa jirani, na mmoja wao alikuwa pale njia panda ya mtaa wetu wa Kikula na fimbo, kwenye barrière waliyoziba nayo barabara, anasimamisha watu wanaotoka sokoni. "Weye kabila gani?" Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alijibu vizuri, akaambiwa atamke maneno fulani ya kienyeji wasikie ulimi wake unavyopinda. Alikosea. Nyanya zilikanyagwa zote, na mimi nilipita upande wa pili wa barabara nikisema Mungu wangu, Mungu wangu, kama mtoto.

Kesho yake mtu wa zamu alikosea mstari bironi, na kioo kikaandika MAKABILA HAIPATANE. Hakuna aliyecheka. Yule mtu alimtazama shemeki, akatazama sakafu, akafuta haraka kwa kidole kama mtu aliyemwaga kitu.

"Badilisha ile neno," nilimwambia shemeki tulipobaki wawili. "Tuweke aina, tuweke namna, chochote."

"Niibadilishe na kule ku barrière?" aliniuliza. Hakusema kwa ukali. Akarudi kwenye kazi yake.

Haikupita muda akarudishwa getini. Mlinzi alikuwa rafiki yake wa mpira, na aliona haya hadi akaongea akitazama mti. Siku zilizofuata nyumba za watu wa Kasai kambini zikapewa watu wengine, vitu vikatupwa nje, na stesheni ya Likasi ikajaa watu wanaosubiri treni za kuelekea Kasai, na viwanja vya shule vya jirani vikajaa pia. Shemeki na mama yake walikuja kwangu Kikula na sanduku moja, cherehani, na sufuria zilizofungwa ndani ya shuka. Mama mkwe alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kuinuka bila mtu wa kumshika. Mchana mmoja mawe yalianguka juu ya bati langu. Mtoto wetu alidhani ni mvua ya barafu, akakimbia nje na kikombe.

Niliogopa kitu kimoja tu, na niliogopa hadi nikashindwa kula: kwamba wataniondolea mke wangu na mtoto wangu. Hilo sikumficha mtu. Nilikuwa tayari kutoa nyumba, kazi, baiskeli, chochote walichotaka wale vijana. Hao wawili hapana.

Ndipo akaja mjomba wangu, kaka wa mama yangu, kutoka kijijini. Hapa lazima nieleze kidogo, la sivyo hamtaelewa. Kwetu Balamba mtoto ni wa upande wa mama. Mimi si wa baba yangu, ni wa mjomba huyo. Watu wa Kasai wao husema mtoto ni wa baba. Mwanaume wa Kasai akimuoa Mulamba, mtoto anavutwa na pande mbili, na kila arusi ni ugomvi. Sisi tulikuwa kinyume chake. Mimi Mulamba nilimuoa binti wa Kasai. Zamani tulimtania mtoto wetu kwamba hana mwenyewe, kwa hiyo atakula kwa kila nyumba, na yeye alifanya hivyo kweli.

Tulikaa uani, alasiri. Mjomba alikataa kiti kizuri. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa sana leo kusema alikuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na desturi ilimpa hofu yake nguo safi ya kuvaa.

"Hapa hakuna ubaya," alianza. "Shiye tunafuataka desturi. Mutoto iko wa kwabo mama yake. Bantu ba kwabo banaenda, na mutoto anaenda. Akibakia hapa, wale bavijana batakuja kuuliza. Minye nitabajibu nini?"

"Hapana, tata," alisema mama mkwe kwa upole, miguu yake juu ya sanduku. "Kwetu mutoto iko wa baba yake. Shiye hatubebake mutoto wa bantu." Nilijua hakusema hivyo kwa sababu hampendi. Alikuwa amesikia jinsi watoto wanavyokufa ndani ya yale mabehewa, kwa kiu na kuhara, na alitaka mjukuu wake abaki mahali penye kivuli.

"Mama, muulizane kwenu."

"Tata, na nyiye muulizane kwenu."

Walisukumana na mtoto wangu hivyo, kwa heshima zote, huyu akimpeleka kwa yule na yule akimrudisha kwa huyu. Mwenyewe alikuwa chini, anamvua kuku manyoya ya mkia. Nilisimama. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mtoto ni wangu, nimemzaa mimi, na yeyote anayemtaka aanze na mimi.

"Weye?" Mjomba alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye mwenyewe uko wangu. Utakuwa aje na mutoto?"

Shemeki alikuwa ameegemea ukuta muda wote, anafuta miwani. Sasa aliivaa.

"Mujomba, narudilia, nisikosee. Kwa desturi yenu, mwenye mutoto ni nani?"

"Ni mujomba yake. Ndugu ya mama yake."

"Na huyu, ndugu ya mama yake ni nani?"

Kuku alipiga kelele. "Ni weye," alisema mjomba.

"Nikisha kusema, baba yake anaweza kukatala?"

"Hapana."

"Na weye, unaweza?"

"Hata minye, hapana."

"Donc minye njo mwenye mutoto," alisema shemeki, polepole, kama anavyosoma mstari kabla ya kuuandika. "Na minye nasema: anabakia hapa, ku nyumba ya baba yake. Mutu akikuya kuuliza, mumuambie mwenyewe njo alisema."

Kwa desturi yake mwenyewe hakuwa na neno lolote juu ya mtoto huyo. Sisi ndio tulimpa neno, siku ile ile tuliyokuwa tunamfukuza, naye akalichukua na kulitumia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, maana kwake jibu lilikuwa lile lile alilotaka. Mjomba alipiga mapaja yake. "Mayo wee! Ule kijana amenifunga na kamba yangu!" Akaanza kucheka bila kutaka, akaomba maji ya kunywa, na akasema yeye mwenyewe atakwenda kuongea na wazee wa mtaa. Na alikwenda kweli. Hakuna jiwe jingine lililoanguka juu ya bati letu.

Nililia mbele yao wote, sioni haya kusema. Nilimkumbatia shemeki hadi miwani ikadondoka.

Mke wangu alikuwa anapuliza moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Hakugeuka.

"Mutoto, mumeulizana," alisema. "Mumemaliza. Minye hakuna mutu ananiuliza."

Nilimwambia hakuna la kuuliza. Mtoto akibaki na mama yake anabaki, kila mtu anaelewa hivyo, hata mjomba.

"Na mama?" Sasa aligeuka. "Nani atamuinua? Nani atamupeleka inje, mbele ya bantu bote mu wagon? Kaka yangu atamuosha? Yeye ni mwanaume, mama atakufa na haya mbele ya kufa na safari. Nitamufikisha. Nikimuona amelala mu nyumba, narudia."

"Weye uko wangu," nilisema. Ni neno baya likitoka hivyo, lakini ndilo nililokuwa nalo mdomoni.

"Niko wako. Na niko wake. Utanikata mu katikati?"

Nilitafuta la kusema usiku na mchana, nikiwa naye kitandani na nikiwa peke yangu bironi. Nilimwambia juu ya kiu, juu ya mabehewa yasiyo na paa. Alijua yote kuliko mimi. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki. Nilimkasirikia mama mkwe pia, yule bibi mpole asiye na kosa, kwa miguu yake. Shemeki nilimwomba amkataze dada yake. Alisema amejaribu, na kwamba kuhusu mtu mzima yeye hana la kuandika.

Stesheni ilinuka moshi na watu. Familia zilikuwa zimejijengea vibanda vya shuka kati ya reli, wanapika, wananyoa watoto, wanasali. Walisubiri, na sisi tukasubiri nao, nikiwapelekea bukari na maji kila siku, hadi treni iliposogea. Mke wangu alipanda kwanza akavuta mikono ya mama yake, na sisi wanaume tukasukuma kutoka chini. Kisha akaniinamia kutoka juu akaniambia mtoto asichanwe nywele zikiwa kavu, nianze kwa maji na mafuta, na nianzie nchani. Alirudia mara nyingi, nianzie nchani. Mtoto alikuwa mabegani mwangu, amefurahi kuona treni karibu hivyo, anapunga mikono miwili kwa mabehewa yote bila kuchagua.

"Ile ya kurudia, umeshaandika?" shemeki aliniuliza.

"Bado."

"Andika," alisema, na akapanda.

Niliandika. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa kazi pekee iliyokuwa na mwisho. Nilikaa bironi peke yangu na vipande vya maandishi yake, na mahali pa kurudia niliweka neno lililoandikwa kwa mkono, kama alivyotaka. Siku moja umeme ulipotulia niliingiza kiwanda chote, toka mawe hadi unga. Mashine ilisoma mistari yote, ikazunguka mara moja, ikakubali. Hakuna kabila lililogombana na lingine. Nilifungua dirisha nimwite mtu aje aone, na nje kulikuwa kimya, maana kiwanda chenyewe kilikuwa kimesimama tangu asubuhi. Hakuna mawe, hakuna dawa, hakuna watu. Nilifunga dirisha na kwenda nyumbani kumchana mtoto nywele.

Barua hazikuwa zinafika tena. Watu walipelekeana habari kwa foni, ile redio ya misheni na ya wafanyabiashara: unafika, unasubiri zamu yako, unaitwa, unabonyeza na kusema, unaachia na kusikiliza, na kila ukimaliza lazima useme *à vous*, la sivyo mwenzako hajui kama ni zamu yake. Wote waliopanga mstari wanasikia mambo yako. Mvua zilikuwa zimeanza nilipopata ujumbe kwamba shemeki ataita kwa foni ya misheni ya Mulungwishi asubuhi fulani, na nije na mtoto. Aliposema nije na mtoto nilifurahi. Nilidhani mke wangu atakuwa pale, anataka kusikia sauti yake. Nilimvisha gauni la kanisani, nikamweka mbele kwenye baiskeli, na njia nzima alijifunza kusema *à vous*. Alilipenda sana neno hilo. Alilisema kwa mbuzi, kwa miti, kwa wapita njia.

Chumba cha foni kilikuwa kidogo, na watu walikuwa wameketi kwenye benchi hadi nje. Sauti ya shemeki ilikuja imejaa mikwaruzo, lakini ni yeye.

"Shemeki, unanisikia? *À vous.*"

"Nakusikia vizuri. *À vous.*"

"Mama alifika. Iko mu nyumba. Analala vizuri, anakula. *À vous.*"

Nilisema Mungu asifiwe, na benchi zima likaitikia amina. Nikauliza mke wangu yuko wapi. *À vous.*

Yeye akauliza, "Mutoto iko karibu? *À vous.*"

"Iko hapa, ananikamata suruali. *À vous.*"

Ndipo akaanza kuongea Kifaransa. Mimi na yeye, miaka yote ile kiwandani, hatukuwahi kuongea Kifaransa sisi wawili. Mtoto alikuwa bado hajakijua. Alisema treni ilisimama porini siku nyingi, hakuna maji, kuhara kukawakamata, na dada yake alikuwa anampa mama yake maji yake. Alisema walimzika kando ya reli, yeye na wanaume wengine, na kwamba mahali pale anapajua, ataweza kunionyesha. Alisema yote kwa utaratibu, hakuruka kitu. Mwisho akasema, "*À vous.*"

Mtu wa foni alinionyesha kwa kidole nibonyeze. Nilibonyeza. Nilishikilia kile kitufe bila kuachia.

Mtoto alinivuta suruali. "Papa, mama njo anasema?"

Nilikuwa bado nimebonyeza. Ilikwenda yote hadi Kasai.

Mtu wa foni alinitoa kidole taratibu. Tulisikia mikwaruzo, halafu tukamsikia shemeki akikohoa, na aliporudi alirudi kwa Kiswahili.

"Hapana, mutoto yangu. Ni minye, mujomba yako. *À vous.*"